Twaibu amenijibu

Aziza, Twaibu amenijibu.

Twaibu wetu. Tangu vita iingie Goma numéro yake haipite, na leo amenijibu.

Unajua ile site ya internet yenye tuliweka code ya programu yetu ya kutangaza safari za bateaux za mto Lualaba. Watu wengi wanaihama, na mimi nilitaka kuhama. Lakini programu ni ya sisi wawili, siwezi kuihamisha bila kumuuliza mwenzangu. Nikaandika chini ya code: "Twaibu, tuhame ao tubakie?"

Hata dakika haikupita. Jina lake, picha yake: "Nimeona, kaka. Umekula?"

Umekula, Aziza. Nililia mbele ya mama mwenye kuuzisha beignets, hapa Mikelenge, watu wakiniangalia.

Kisha nikakumbuka. Ile njo mashini ndogo aliiweka mwenyewe kabla ya vita, ikuwe inajibu kila message kwa jina lake, juu nikiwa kwa kazi nilikuwa nasahau kula.

Nikihama, code itanifuata. Ile mashini ni ya hapa kwa site, haitanifuata.

Basi sihami.

Nikamujibu: bado.

Akaniuliza tena.