Bwana Rula na Filamu Zangu

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu, wewe, wifi na wanangu wote. Natumaini mgongo umekuachia walau usingizi. Huku tu wazima, ila kichwa changu kimechoka.

Umeomba filamu za vichekesho vya siasa, zile za ajabu ajabu, za kukuliwaza kitandani. Anza na ile ya meya aliyekaukiwa maji mjini, akaamuru raia wafundishwe kuogelea nchi kavu. Niliionyesha hapa kazini, kwenye ukumbi wa baraza la mji. Karani wa masijala alicheka hadi akateleza kitini. Lakini mhandisi wetu wa maji, tunayemwita Bwana Rula, alinifuata uso mkavu, akauliza madarasa yale yaligharimiwa na idara gani. Kaka, nilitamani kupasuka!

Ya pili, usiikose, ni ya waziri aliyefia kitini, watumishi wakaendelea kumpelekea mafaili mpaka akapandishwa cheo. Bwana Rula akasema haiwezekani, maiti hapandi cheo bila kupimwa afya. Nilimfafanulia hadi koo likakauka. Kumpigia mbuzi gitaa!

Basi habari zikamfikia mwenyekiti wa baraza. Mabomba ya mji huu nayo yanatoa upepo mtupu. Akaniita mbele ya kikao, akadai nimemdhihaki, nifukuzwe kazi. Wale wote waliocheka wakainamisha vichwa. Karani akashikwa na kikohozi cha ghafla. Akasimama Bwana Rula peke yake.

“Mheshimiwa,” akasema, “filamu nimeitazama mara mbili. Yule meya ni mwongo, tena anauza maji ya raia kwa faida yake. Sijaona mnapofanana. Tuonyeshe, tafadhali.”

Mwenyekiti akahamia haraka ajenda nyingine. Kazi yangu bado ninayo.

Nje nilimshukuru kwa ujanja ule. Akanikodolea macho, akauliza ujanja gani.

Sasa kaka, jiegemeze vizuri kabla hujasoma hapa. Mtu huyo ameniomba tuoane, nami nimekubali. Ndiyo, huyo huyo! Ananichosha, lakini waliouelewa mzaha wangu wote waliniacha peke yangu. Tutakuja kukuona mgongo ukipata nafuu. Nakusihi usimtanie, maana atakujibu.

Mwambie wifi asicheke kwa sauti, majirani watasikia. Wabusu watoto, nawe upone haraka.

Ni mimi,
Kitindamimba wenu