Mkanda wa Kofia Yako

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Maharage yapashe moto, na usile mpaka ukasahau wenzako. Mimi nimeenda kwa mke wa Kipara kumsaidia kufua. Tangu mumzike rafiki yako, wageni hawajaisha pale.

~~Leo pikipiki usiiguse.~~

Hapo nimefuta. Ndiyo inayotulisha, nisijifanye sijui.

Ila hili sifuti. Asubuhi nimeokota kofia yako ya pikipiki chini ya kiti ili niitundike, nikakuta mkanda wa kidevuni umeukata. Eti unakubana! Kipara naye alikuwa haukati wala haufungi, anaivaa kofia kama mtu anayepeleka sufuria kwa jirani. Lori lilipomgusa, kofia ikaenda zake, naye akaenda zake. Wewe mwenyewe ndiye uliyeiokota mtaroni, haina hata mchubuko. Ulinisimulia huku unalia, leo umeshasahau?

Basi nimekushonea mkanda mpya kwa uzi wa mabegi. Nimeuvuta kwa nguvu zangu zote, haukatiki. Kifungo nimekitoa kwenye begi langu la safari, kwa hiyo safari zangu umezimaliza, ringa sasa.

Kifunge mpaka kilie "ka!" ndipo uwashe.

Jana mke wa Kipara kaniuliza, "Hivi kofia zao zina kifungo?" Miaka yote hiyo hakuwahi kukisikia kikilia. Mimi nataka kukisikia kila asubuhi, nikiwa jikoni.

Leo sipo. Kifunge hivyo hivyo.

Mama watoto