Zuhura, Nimewaharibia Wimbo Wao

Mwanangu Zuhura,

Salamu zikufikie huko uliko, kwenye udongo wa Mgeta, chini ya mlima uleule uliotukimbiza. Sisi huku mjini wazima, ila mimi nina hasira, na sina wa kumwambia akanielewa kama wewe.

Nianze kwa kujisifu, maana ulikuwa unasema nisipojisifu basi naumwa. Juzi nimeimba, mama. Nimeimba mpaka mheshimiwa mbunge akavua miwani.

Unakumbuka tulivyoshuka? Selimundu yako, ule ugonjwa wa damu, na baridi ya Mgeta havikupatana, mifupa ilikuuma ukalia mpaka sauti ikakauka. Nikakufunga mgongoni kwa kanga mbili, ndoo ya njegere kichwani, nikahamia kwenye joto la Morogoro mjini. Mjomba wako akasema naukimbia ukoo. Nikamuuliza ukoo gani, wakati kwetu ukoo unapita kwa mama na mimi ndiye mama mwenyewe. Nikauza njegere na kabichi sokoni, nikakusomesha mpaka sekondari ya Kilakala, ukawapita watoto wa wahadhiri. Hilo nalisema kila nikipima njegere. Asiyetaka kulisikia akanunue kwingine.

Ulipokua ukawa unakwenda kutolewa damu ya utafiti, vichupa kwa vichupa, unarudi umechoka na unacheka. Nikikuuliza faida yake unanijibu, "Mama, kila kidonge ninachomeza kuna mtu alikitafuta, na kuna mtu alikubali kumlipa aliyekitafuta." Kisha wafadhili wa nje wakaacha kutoa, yule daktari wa kike mpole aliyekuwa akikutoa damu akaja kutuaga, utafiti ukasimama. Chama chetu cha wagonjwa kikasema tuombe dua. Wewe ukasimama umeshika ukuta kwa maumivu: "Barabara ikiharibika tunamvizia mbunge njiani. Mbona damu yetu ikiharibika tunamwachia Mungu peke yake?"

Walinuna. Mwenyekiti akakwambia usituletee siasa, sisi ni wagonjwa tu. Basi dua tuliomba, na wewe uliitikia amina. Masika yaliyofuata tukakupandisha Mgeta kukuzika.

Sasa sikia. Mwenyekiti yuleyule kamwalika mheshimiwa, katushonea vitenge vya sare tumwimbie. Akaniweka mimi nianzishe, kwa sababu Morogoro hii hakuna sauti kama yangu na yeye anajua. Ila si mtu wa huku. Hajui kwamba Waluguru tukiimba, anayeanzisha ndiye mwenye maneno, wengine wanayarudia yalivyo, hawangoji kuyafikiria. Nikaanza na karibu mgeni, karibu mgeni. Ngoma ilipokolea nikageuza: damu tumetoa, hela ya utafiti mtatoa lini? Ukumbi mzima ukarudia. Mama Shabani, yule anayeogopa hata jogoo, akarudia na vigelegele juu. Mwenyekiti anapunga mikono kama anayefukuza nyani shambani, wenzangu wakadhani anacheza.

Mheshimiwa akashika kipaza sauti, kicheko cha mdomoni tu. Akasema mambo ya bajeti na utafiti yana wataalamu wake. "Nyinyi wagonjwa, kazi yenu ni kupumzika."

Mimi kipaza sauti sikukihitaji. "Wangu ameshapumzika, mheshimiwa. Nimebakiwa na mdogo wake, ana ugonjwa huohuo. Huyu sitaki apumzike."

Hapo ndipo alipovua miwani. Akaangalia saa, akaondoka, soda yake hata hajaigusa.

Watu hawa wananichefua, Zuhura. Bungeni wanagonga meza hela ya magari yao ikipita, halafu wanatuambia sisi tusiingie kwenye siasa. Siasa ndiyo hiyo wanayoifanya, na sisi ndio tunaozika. Nani atawauliza? Mtu asiyeumwa akitoka ukumbini anakumbuka bei ya mchele. Anayeamka na mfupa unaomuuma ndiye hawezi kusahau, basi yeye ndiye akae mlangoni kwao. Na wagonjwa wanaopiga makofi wakitukanwa nao nimewachoka. Nimewaambia usoni, wengine hawanisalimii.

Mwenyekiti amenifukuza chamani, anataka kitenge chake. Hakipati. Nimekishona foronya ya mdogo wako Rehema.

Jana Mama Shabani alikuja mezani kwangu sokoni, akajifanya anachagua kabichi. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba wanawake kadhaa wanataka kwenda ofisini kwa mbunge kabla ya bunge la bajeti, na hawana wa kuanzisha wimbo. Kabla sijafungua mdomo, mdogo wako, aliyekaa pembeni yangu, akasema, "Mama, safari hii naanzisha mimi."

Unamjua Rehema. Sauti yake mbovu kama yako, inakwaruza kama sufuria linalosuguliwa mchanga. Nimemwambia aanzishe. Sisi tutarudia kila neno.

Lala salama, mwanangu niliyekusomesha.

Mimi mama yako, na bado mama wa Rehema