Kitabu Chini ya Kalibu

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, za wifi yako na za nyumba nzima. Goti lako je? Katika barua iliyopita ulisema linakuuma ukipanda ngazi, na mimi kama kawaida yangu sikujibu. Shemeji hajambo? Wapwa zangu wanaendelea vizuri na masomo? Huku tunapumua, ila mimi usiniulize sana. Mwili ni mzima, kichwa ndicho kimechoka.

Utashangaa kupata barua ndefu kutoka kwa mtu ambaye huandika mistari mitatu akaona amefanya kazi kubwa. Anayekuletea ni binti yangu, Sindano, unayemjua kwa picha tu. Jina hilo la utani nilimpa mwenyewe alipokuwa na miaka kumi na miwili, alipoanza kushona viatu karakanani, mshono ulionyooka kuliko wangu. Sasa ana ishirini. Hajui nilichoandika humu, nami nimemwomba asifungue. Hatafungua. Huyo ndiye mtoto aliyenishinda, dada, na nataka uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwake, maana yeye atanipunguzia makosa.

Mambo yalianza mwaka jana. Mteja mmoja, nesi, alileta viatu vibandikwe soli, akamwalika kanisani. Akaenda, akarudi anaimba. Nikasema ni ujana tu, utapita kama mafua. Lakini Jumapili ndiyo siku yetu ya kazi nyingi, unajua tangu enzi za Baba. Watu wakiwa mapumzikoni ndipo wanapokumbuka kwamba kiatu kinacheka. Jumapili ya tatu nikabaki peke yangu na foleni hadi mlangoni. Tena akaanza kuniharibia maneno. Nikimwambia mteja kwamba hii ni ngozi tupu, yeye anakohoa. Mteja wa pili, anakohoa. Nikamuuliza kama ana kifua, akanijibu kwa adabu zote kwamba kifua ni kizima, ila ndani ya soli ile mna boksi, na mimi najua.

Nikaamua kumkomesha. Kwanza nilimdhihaki. Mezani nikamwita mchungaji, nikamtaka aubariki mchuzi. Akaubariki kweli, tena kwa kirefu, na mimi nikiwemo ndani ya hiyo sala, mpaka chakula kikapoa. Wifi yako alicheka hadi akatoka nje. Basi Jumamosi moja jioni nikakusanya viatu vyake vyote, nikavifungia kabatini, ufunguo nikauvaa shingoni. Nilijua msichana hawezi kukatiza mtaa wetu bila viatu, na babake ndiye fundi viatu. Dada, alikatiza! Alipiga pasi gauni lake, akachana nywele, akatoka pekupeku kwa mwendo wake uleule, akawaamkia majirani wote. Kinyozi wa jirani akanijia mlangoni na mkasi mkononi, akaniuliza eti fundi, ngozi zimekwisha dukani? Wiki nzima nilichekwa. Yeye Jumatatu alikaa kwenye benchi lake akashona kama kawaida, na nyayo zake zilikuwa na malengelenge, niliyaona. Nikavirudisha viatu.

Ungedhani nimejifunza. Sikio la kufa halisikii dawa. Nikamnyang'anya Biblia yake, nikaamini hapo nimekata mzizi. Kumbe kila akitumwa sokoni anapitia kwa yule nesi, anasimama mlangoni na kikapu chake, anasomewa sura moja, kisha anarudi akiirudia njia nzima. Akifika karakanani anaendelea nayo kwa sauti ya chini huku anashona. Alipokuwa na kitabu alikuwa anakisoma akikumbuka. Nilipokichukua akaanza kukijua kwa moyo. Siku moja nilijikuta nimeinua nyundo na sijaishusha, nasubiri amalizie mstari. Nikashikwa na hasira, nikampigia kelele hadi mteja akaacha kiatu chake akaondoka.

Wifi yako alinionya kwamba nachochea moto kwa mafuta ya taa. Nikamwambia akae pembeni. Mwezi uliopita nikatoa neno la mwisho: nyumba yangu au kanisa lake, achague. Akaniomba wiki moja. Wiki hiyo alikula kidogo sana, na mimi nikajidanganya kwamba analegea. Siku ya saba akaja karakanani, hakukaa. Aliniambia kwamba mwanzoni alikuwa anakwenda kwa ajili ya nyimbo tu, na kuipumzisha pua na harufu ya gundi. Kwamba ningemwacha, pengine angechoka mwenyewe kabla ya mwaka kuisha. Lakini nilipoanza kumzuia, ilimbidi ajiulize kila Jumapili kama Kristo anastahili taabu ile, na kila mara jibu lilikuwa ndiyo, tena kwa nguvu kuliko mara ya kwanza. Siku aliyotembea pekupeku, alisema, ndiyo siku aliyojua kwamba hatembei peke yake. Akanishukuru! Bila kejeli hata chembe. Kisha akasema ataondoka, kwa kuwa mimi babake nimesema aondoke, na akaniomba anwani yako. Alikuwa amesikia kwamba shangazi yake naye alifukuzwa kwenye nyumba hiihii kwa jambo hilihili.

Nilitaka kumwambia abaki. Naapa, dada, mdomo ulifunguka. Kilichotoka ni kwamba asisahau koti.

Tangu siku hiyo maji yamenifika shingoni. Wifi yako anampangia nguo kwenye begi na hasemi na mimi. Mtoto mwenyewe ndiye anayenifariji, ananiletea chai, ananieleza nani atafaa kunishonea akiondoka. Ningejua la kufanya kama angenitukana. Juzi akaniuliza swali moja: nani alimwambia babu habari za kitabu cha shangazi? Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya zamani. Sijalala vizuri tangu hapo, na swali lile silijibu kwake. Nalijibu kwako.

Siku ile unaikumbuka kuliko mimi. Biblia yako ulikuwa umeificha chini ya rundo la kalibu, zile za mbao tunazovalishia viatu, kwenye pembe ambayo Baba hakuwa na shughuli nayo. Baba akaenda moja kwa moja, akazitawanya kalibu, akakitoa kitabu, akakitia motoni. Kabla ya saa sita mchana ulikuwa nje na begi. Na Mama mdogo, aliyeolewa na Baba baada ya mama yetu kufariki, ndiye aliyekuwa akifagia pembe ile kila asubuhi. Ulimtazama mbele yetu sote ukasema kikulacho ki nguoni mwako. Akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimekushikia begi.

Ni mimi, dada. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Asubuhi ile nilikata vibaya kipande cha ngozi, kile kikubwa kilichowekwa kwa ajili ya buti za mteja, nikakiharibu chote. Baba akakiinua, akauliza ni kazi ya nani, na mkanda tayari uko mkononi. Niliogopa. Nikasema dada anaficha kitabu chini ya kalibu. Akaisahau ngozi palepale. Hakuna zaidi ya hapo. Sikukuchukia, wala sikutumwa na mtu. Nilikwepa kichapo.

Mama mdogo alikuwa mlangoni na ufagio wake, akanisikia. Hakusema siku ile, hakusema hata Baba alipokufa. Kwa miaka ishirini na mitano alinipikia, akaniuguza, akanilelea Sindano, na hakunikumbusha hata mara moja. Wewe ukawa unaandika kwamba Baba ulimsamehe zamani, ila huyu mama bado unamwomba Mungu akupe moyo. Nilizisoma barua hizo zote, nikazikunja. Alipozidiwa, aliuliza kama utakuja. Barua yako ya kusema huwezi ilikuwa mfukoni mwangu. Nikamwambia barabara zimefungwa kwa mvua. Akanitazama, akaniuliza kama nimekwisha kukuambia. Nikasema bado. Akasema haya, akageukia ukutani. Kesho yake alikufa, na mazishini watu wakauliza mbona hujaja.

Najua utakachosema. Utasema kufukuzwa kule ndiko kulikokusimamisha, kwamba ungebaki nyumbani imani yako ingepoa, kwamba Mungu aligeuza ubaya kuwa wema. Umeandika hivyo mara nyingi, na nikimtazama mtoto wangu siwezi tena kubisha. Nimempiga vita mwaka mzima na ninachokiona mbele yangu ni mtu aliyesimama imara kuliko mimi. Sawa. Lakini Mama mdogo aligeuziwa nini? Alibeba hatia yangu hadi kaburini, na yeye wala hakuwa mtu wa kanisa wa kusema anaibeba kwa ajili ya Mungu. Hilo ndilo linalonikaba. Siwezi kumrudisha, siwezi kukuomba umwombe radhi mtu asiyekuwepo, na kuomba msamaha kwa Mungu wenu sijui pa kuanzia. La kuvunda halina ubani. Nimelikalia miaka thelathini na moja, na leo ninakutwika wewe, kwa sababu mimi sina tena pa kuliweka.

Mfikishie shemeji salamu zangu, na wapwa zangu waambie mjomba wao anawakumbuka. Wifi yako anakusalimu sana. Anasema usihangaike kumwandalia mgeni wako, atakula chochote. Akisema hana njaa, usimwamini. Usinijibu kwa haraka, na ukiona huwezi kunijibu kabisa, nitajua kwa nini. Ila yeye akikuita shangazi, mwitikie.

Nadhani sasa hivi amekaa mbele yako, anangoja umalize kusoma. Atataka kujua babake ameandika nini. Mwambie wewe, dada. Mimi nilijaribu mara tatu asubuhi ya leo, nikashindwa.

Ndimi mdogo wako,
Fundi