Kavinya Azikwe Ndani ya Boma

Makindu

Kwa Kilonzo, mwana wa mama yangu,

Niko na miaka themanini na mbili. Nimeishi kuliko njaa zote, kuliko machifu wote walionifunga, na yule daktari aliyesema sitafika Krismasi tumeshamzika. Kwa hivyo usinifundishe mila. Hamjambo huko Zombe? Mguu wako umepona? Mimi ni mzima, na mwizi hapiti lango langu.

Naandika kwa sababu kwa simu unanikata. Umesema mtoto wa binti yangu Mwikali azikwe nje ya boma, bila jina, kwa vile alikufa siku ya pili na sisi tunapeana jina siku ya tatu. Nimekataa.

Huyu profesa ninayemlindia nyumba huandika vitabu vya kuuliza nani anahesabika kuwa mtu. Mtoto wa tumboni, mgonjwa asiyejijua, hata mbuzi. Juzi aliniuliza, "Mzee, kwenu mtu anaanza lini kuwa mtu?"

"Siku ya tatu, akipewa jina. Halafu anavishwa shanga."

"Na siku ya pili ni nani?"

Nilimwambia chai yake inapoa. Lakini ulipopiga simu nilirudi kwa mlango wake. Nikamwambia, wazee wetu walizika watoto wengi, wakaogopa kupenda mapema. Kungoja kulikuwa uoga wao. Mtoto hakupungukiwa na kitu.

"Na yule wa tumboni, mzee?"

"Hiyo uniulize kesho. Leo niko na mtoto wa kuzika."

 

Shanga huvishwa na baba, lakini Mwikali hajaolewa, kwa hivyo ni kazi yangu mimi babu yake. Lango siwezi kuliacha, kwa hivyo nimezifunga ndani ya karatasi hii. Mvishe. Anaitwa Kavinya, kama mama yetu, na Jumamosi alale kando yake. Ukimpeleka nje ya boma, chimba mashimo mawili, kwa sababu na mimi nitalala huko, halafu wewe utaeleza ukoo.

Salimia mke wangu Mbula, asimkataze Mwikali kulia. Salimia pasta, akiomba ataje jina la mtoto.

Ni mimi mkubwa wako, Mutisya.

Mulwa wa lori ya mbuzi, anayekuletea barua hii, ameniona nikiandika kwa mkono wangu. Na ukisema bado hakukuwa na mtu, muulize Kalondu mkunga. Yeye ndiye alimsikia Kavinya akilia.