Namba Aliyoiona Amira

Alhamisi, 2 Mei 1996

Leo mwanangu Amira kanishinda. Tunatoka shule, mkoba wake begani kwangu, macho yake barabarani kama kawaida. Likapita lori la saruji, namba 2401. Mimi bado nahesabu, yeye kashasema: saba mara saba mara saba mara saba. Karuka mpaka soksi zikashuka. Ana miaka kumi tu!

Khaled, mume wangu, anasema ni wazimu wa ukoo wetu. Sawa, iwe wazimu. Yeye ana duka la vipuri vya gari hapa mtaa wa Buyenzi, mjini Buja, lakini namba za vipuri ziko kichwani mwangu. Amira alipokuwa mchanga nilimwimbia hizo apate kulala. Sasa yeye kanipita. Namba anazipenda, anazikasirikia. 57 anamwita mwongo — anajifanya hagawanyiki, kumbe anagawanyika. Siku hizi tunajifunza namba zinazojizidisha zenyewe, mbili mara mbili, tatu mara tatu, tumefika themanini. Vita vinatufungia ndani mapema, tufanye nini kingine.

Ijumaa, 3 Mei

Wamemchukua Rachidi. Mchana kweupe, watu wanatoka kuswali Ijumaa.

Rachidi ni fundi, gereji yake inatazamana na duka letu. Alikuwa chini ya gari. Pick-up nyeupe ikasimama, wanaume wakashuka na bunduki, wakamvuta kwa miguu. Hakupiga kelele. Aliomba aende kumuaga mkewe tu. Wakakataa.

Mimi nilikuwa stoo, nyuma. Amira alikuwa mlangoni, ndiye aliyenisimulia. Alikuja akanivuta kitenge: mama, 5776! Sabini na sita mara sabini na sita, na mkiani imeandika tena sabini na sita! Alikuwa anafurahi, maskini. Kisha akaanza kunieleza waliyemtia ndani ya hiyo gari.

Nikatoka kuuliza. Bwana Muadh wa duka la sukari — eti alikuwa anafunga kamba za viatu. Kijana wa kuziba tairi — jua lilimpiga machoni. Mwingine alikuwa anapiga chafya. Mtaa mzima umetoka kumsujudia Mungu, na mtaa mzima uligeukia upande wa pili. Aliyekuwa na macho ni mtoto peke yake. Sijui niwaambie nini watu hawa. Nimewaambia hayo hayo, mbele ya duka, kwa sauti. Wakasema jua kali, Mama Amira, ingia ndani.

Jumamosi, 4 Mei

Sijaona, mke wa Rachidi, amekuja na mtoto mgongoni. Amezunguka tangu asubuhi: kambi za askari, hospitali, mpaka chumba cha maiti. Kila anapofika wanamuuliza gari gani. Akisema nyeupe, wanamcheka. Nyeupe ziko ngapi Buja?

Akaniambia, "Mama Amira, we unakaa mbele ya gereji. Hakuna mutu aliona namba?"

Khaled akajibu kabla sijafungua mdomo. "Hakuna mutu aliona, Sijaona. Mungu atamurudisha."

Na Amira kasimama pale pale, kwenye pazia.

Sijaona alipoondoka tukagombana. Khaled anasema unataka ile gari isimame mlangoni kwetu? Babu zake wako mji huu tangu ukoloni wa Wadachi, wameishi kwa kunyamaza. Nikamwambia na Rachidi alinyamaza, kimemsaidia nini? Akamwita Amira: ile namba uisahau, umesikia?

Amira akamuuliza, bila utani wowote, "Baba, mutu anasahau namba namna gani?"

Khaled akaenda kufunga mlango wa duka. 

Jumatatu, 6 Mei

 Naandika kwa hasira.

Amira karudi kutoka shule, kakaa dukani na mimi. Akaingia mtu simjui, koti la ngozi joto lote hili. Anataka mkanda wa feni. Wa injini gani? Hajui. Nikajua hakuja kununua.

Akamtazama Amira. "Wanasema we mutoto uko na kichwa ya namba. Ni kweli?"

Nikasema apana, bwana, hesabu zinamushinda, mwalimu analalamika. Akacheka, akainama mpaka usawa wa uso wake.

"Tuone. Nane mara saba?"

Amira akafikiri. Akasema, "Hamsini na mbili."

Yule mtu akamgusagusa kichwa, akaondoka bila mkanda.

Sikumfundisha kusema vile, wallahi. Alichagua mwenyewe. Kisha akaenda nyuma ya makasha akalia kwa kwikwi. Nikadhani ni woga. Apana. Alikuwa anasema: mama, nimesema hamsini na mbili. Huyu ni mtoto akiona jumla ya uongo ubaoni hawezi kukaa, atanyoosha mkono hata kama mwalimu atamchukia. Sasa mtu mzima mwenye ndevu zake amekuja kumfanya alikane jedwali la saba! Wanachukua waume za watu, haiwatoshi?

Na nani kamwambia habari za kichwa cha mwanangu? Mtaa huu. Macho hawana, lakini midomo wanayo.

Jumanne, 7 Mei

Njia nzima ya shule Amira katazama miguu yake. Magari yakapita. Nikamwonyesha moja, namba nzuri kabisa. Akasema sijaiona, mama.

Alhamisi, 9 Mei

Jana nilimpa Sijaona namba. Khaled hajui. Nilimwambia pia kwamba aliyeona ni Amira, na kwamba jina hilo lisitoke. Akaapa kwa mtoto wake mgongoni.

Leo tumekwenda pamoja ofisi moja mjini. Hata humu siliandiki jina lake. Karani mpole, mashine ya taipu mbele yake. Akauliza nani aliona. Nikasema mimi. Nilikuwa mlangoni, niliona kwa macho yangu. Mungu atanihukumu kwa uongo huo, lakini aanze kwanza na wale waliokuwa wanafunga viatu.

Nikaitaja namba. Karani akaacha kupiga taipu. Akauliza tena, polepole. Nikarudia. Akachomoa karatasi, akaingia nayo chumba cha ndani. Tukasubiri sana. Akatoka na bwana mwenye suti, wa heshima, akatuuliza tunakunywa chai? Akachukua karata yangu ya utambulisho, ibaki kwake, eti ndiyo utaratibu.

"Jumatatu asubuhi urudi kuichukua," akasema. "Na uje na mutoto."

Tulipofika kituo cha basi ndipo neno hilo la mwisho likanigonga. Nimerudia maneno yetu yote kichwani, moja moja. Mimi sikumtaja mtoto. Sijaona hakumtaja. Basi mtoto kamjulia wapi?

Ijumaa, 10 Mei

Nimemwambia Khaled yote.  Ametoka asubuhi, amerudi na nafasi moja kwenye boti ya Kigoma inayoondoka leo. Amira aende kwa shangazi yake, atasafiri na mama mmoja mfanyabiashara tunayemjua. Mimi siwezi kuvuka, karata yangu wanayo wao.

Labda Khaled ana haki. Ndiyo inayonikera zaidi. Mtoto anafukuzwa kwao kwa kosa la kusoma tarakimu nne. Na wao? Leo nimeiona mwenyewe ile pick-up, mjini, imeegeshwa mbele ya duka la mikate. Dereva anakula mishikaki dirishani. Hawakujisumbua hata kubadilisha namba.

Sijaona yuko sebuleni. Anasema nisiende Jumatatu, ataenda peke yake, yeye hana tena cha kupoteza. Mtoto wake anacheza sakafuni mbele yake wakati anasema hivyo.

Begi la Amira liko tayari. Yeye yuko kitandani, kashika mbao za kitanda kwa mikono miwili. Anasema haendi. Anasema aliyeona ni yeye, mama hakuona, na Jumatatu atamwambia yule bwana mwenye suti, namba yote, bila kukosea.

Gari ya kwenda bandarini imefika, dereva anapiga honi. Khaled anaita kutoka mlangoni, mara ya pili sasa. Amira ananitazama, anangoja niseme. Naweka kalamu, nakwenda kuitoa mikono yake kwenye mbao, kidole kimoja kimoja.