Uniti za Bibi Kimya

3 Juni

Mwanangu mpenzi,

Sisi wazima, hofu ni kwako na huyo mjukuu unayembeba. Mgongo unasemaje?

Nina furaha hata kalamu inateleza. Gari limefika! Ni la umeme, la mtumba lakini linang'aa, na halina kelele hata kidogo, ndiyo maana nimeliita Bibi Kimya. Miaka yote ya teksi nilikuwa mtumwa wa petroli; sasa nachomeka waya ukutani kama mtu anayechaji simu. Nilikuahidi utajifungua ukiwa karibu na mama yako, bila kurushwarushwa na basi. Mwisho wa mwezi nakuja kukuchukua mwenyewe.

Mama yako anasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mwache.

Baba yako

14 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Mgongo unalalamika, mtoto anapiga mateke, mengine salama. Barua yako imenichekesha peke yangu pale duka la dawa ninakouza, wateja wakanikodolea macho.

Lakini mama amenipigia simu, amekuja juu kweli. Uniti za umeme za mwezi mzima zimekwisha, cherehani yake imezimika gauni la bibi harusi likiwa nusu. Anasema zikiisha tena, gari linauzwa. Baba, naliogopa lile basi. Hebu niambie, kwa siku unaliendesha hadi wapi?

Binti yako

18 Juni

Mwanangu,

Nashukuru kusikia hamjambo nyote wawili. Mimi mzima wa mwili, ila swali lako limenikalisha chini.

Silipeleki popote. Naogopa gharama. Ila kila jioni wazee wenzangu wa kijiwe cha teksi wanakuja, tunakaa ndani yake uani, kiyoyozi kinapuliza, redio inaimba, na waya nauacha umechomekwa ili betri isipungue. Mmoja ana miguu mirefu, kwa hiyo mlango wake tunauacha wazi. Ndivyo tulivyosubiri abiria maisha yetu yote. Kumbe tulikuwa tunakula umeme wa mama yako.

Baba yako

20 Juni

Baba,

Shikamoo, na natumai unasoma hii ukiwa nje ya gari. Nimecheka mpaka mtoto kageuka.

Kikulacho ki nguoni mwako. Wapeleke wazee wako kwenye benchi. Halafu liendeshe gari! Soma mita kabla ya kuchomeka waya na baada ya kuuchomoa, mama akiwa shahidi. Siku zangu zinakaribia.

Binti yako

29 Juni

Mwanangu,

Salamu baadaye, kwanza habari. Kijiwe kimehamia kwenye benchi na yule wa miguu mirefu amenuna. Wiki nzima nimemzungusha mama yako sokoni, kwa wateja, kwa muuza vitambaa. Kila nilipochaji, mita ameisoma yeye. Mara ya mwisho alivaa miwani akaisoma tena. Umeme wote wa wiki haujafikia bei ya petroli ya teksi yangu ya siku moja.

Alikaa kwenye cherehani, akashona mto kwa vipande vilivyobaki vya lile gauni, akauweka kiti cha nyuma. "Wa mgongo wake," akaniambia.

Barua hii haikupita posta. Mama yako ndiye aliyeipenyeza chini ya mlango wako, na bado amesimama hapo nje. Fungua, mwanangu, utuonyeshe soketi ya kumchomeka Bibi Kimya iko wapi.

Wazazi wako